Shangazi, nameza dawa karibu kila siku na kichwa bado kinaniuma

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia alfajiri kwa sababu ndiyo saa pekee ambayo kichwa kimeniachia. Nina miaka 34, nina watoto wawili, na kazi yangu ni kushona nguo. Kichwa kilianza kunisumbua nikiwa sekondari, mara moja kwa mwezi, siku mbili kabla ya hedhi. Wakati ule nilimeza vidonge viwili, nikalala, nikaamka mzima. Sasa huu ni mwaka wa pili sijui wiki nzima isiyo na maumivu. Mwezi uliopita nilijikaza nikahesabu. Siku 22 kichwa kiliuma, na kati ya hizo siku 9 nililala gizani na ndoo kando ya kitanda.

Kinaanzia nyuma ya jicho la kushoto. Mara nyingine, kabla hakijaanza, naona vimulimuli. Unatokea mstari unaometameta, umepindapinda kama meno ya msumeno, unakua polepole mpaka tundu la sindano silioni. Unakaa kama dakika 20 kisha unatoweka, na hapo ndipo panja linapoanza kupwita. Kitambaa cheupe chini ya taa kinanichoma macho. Manukato ya mteja yananitapisha. Nikiinama kuokota mkasi nahisi fuvu litapasuka.

Nimehangaika, Shangazi. Wa kwanza aliniambia ni macho, nikatengenezewa miwani. Miwani ninayo na maumivu ninayo. Wa pili alisema ni sainasi, nikapewa antibiotiki mara tatu. Wa tatu alinipiga picha ya kichwa, ikatoka safi, akaniambia, "Huna kitu, punguza mawazo." Nililia njia nzima. Mungu anisamehe, nilikuwa nimetamani kionekane kitu.

Nimeacha chokoleti, nimeacha machungwa, nimeacha kila nilichoambiwa niache. Kinachonisimamisha ni vidonge vya kutuliza maumivu, vile vilivyochanganywa na kafeini. Viwili asubuhi kabla kichwa hakijaanza, maana nikichelewa siku imeharibika, na viwili jioni. Siku mbaya navitapika. Dada yangu anatumia propranololi kwa ajili ya presha, amesikia inasaidia na kichwa, na ameahidi kunigawia. Nimesita kwa sababu nina pumu, ingawa siku hizi imetulia. Ukiacha hizo, situmii dawa nyingine, ila vidonge vya uzazi wa mpango tangu nilipomwachisha mdogo ziwa.

Mume wangu si mtu mbaya. Lakini juzi aliniuliza, "Jana ulikuwa unacheka, leo hata kukaa huwezi?" Sikuwa na jibu. Binti yangu ana miaka 7. Akiniona nimeshika kipaji cha uso, anakwenda kufunga mapazia bila kuambiwa, kisha anakaa mlangoni. Hilo linaniuma kuliko kichwa.

Je, nitapona? Na kama sitapona, nitaishije?

Ni mimi,
Fundi wa Gizani

*

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Kabla ya kujibu ulichouliza, nitaanza na mambo mawili ambayo hukuyauliza, kwa sababu hayo hayangojei.

La kwanza limo katika sentensi uliyoiandika kwa kupita tu, kana kwamba si kitu: vidonge vya uzazi wa mpango. Ule mstari wa meno ya msumeno unaokua machoni kwa dakika 20 ni dalili inayojulikana vizuri, na mwanamke anayeipata ana hatari ya kiharusi iliyozidi kidogo ya wenzake. Vidonge vya mpango vyenye estrojeni, homoni ya kike, huiongeza hatari hiyo, na sigara ikiingia huongezeka zaidi. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaviweka vidonge hivyo katika kundi la njia ambazo mwenye kichwa cha namna hii, kinachotanguliwa na vimulimuli, hapaswi kuzitumia kabisa. Sisemi kiharusi kinakunyemelea. Kwa umri wako bado ni jambo la nadra. Lakini wiki hii, si mwezi ujao, chukua pakiti yako uende nayo kwa aliyekuandikia, umweleze vimulimuli kama ulivyonieleza mimi, uulize kama ndani yake mna estrojeni. Ikiwamo, zipo njia zisizo na homoni hiyo, na atakubadilishia ili usikae bila kinga ya mimba. Nadhani hakuna aliyewahi kukuuliza unaona nini kabla kichwa hakijaanza. Nawe hukujua kwamba ni jambo la kusema.

La pili ni propranololi ya dada yako. Usiiguse. Amesikia kweli, ni miongoni mwa dawa za zamani na zinazoaminika zaidi katika kuzuia maumivu haya. Lakini inabana njia za hewa za mwenye pumu, hata ile iliyotulia. Kusita kwako kulikuwa sahihi.

Sasa tuje kwenye kichwa chenyewe. Ugonjwa wako una jina, na jina hilo limo katika lugha yetu tangu zamani: kipandauso. Waliouita hivyo waliujua. Unapanda uso, unashika upande mmoja, unapwita, unaleta kichefuchefu, mwanga na sauti vinakuwa adui, na ukitembea au kuinama unazidi. Usipotibiwa hukaa kati ya saa 4 na saa 72. Wanawake huupata karibu mara tatu ya wanaume, na hurithiwa, kwa hiyo waulize mama na shangazi zako wa damu. Kwamba ulianza na hedhi si ajabu, kwani kushuka kwa estrojeni siku hizo ni kichocheo kikubwa kwa wengi wetu.

Kichwa kikiuma siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, na angalau siku 8 kati ya hizo zikiwa za kipandauso hasa, wataalamu hukiita kipandauso sugu. Wewe umehesabu 22 na 9. Kama miezi mingine imefanana na huo, uliandika utambuzi wa ugonjwa wako kwa mkono wako mwenyewe bila kujua. Picha haingeweza kuuonyesha. Kipandauso hakiachi uvimbe wala kovu la kuonekana, kwa sababu ni hitilafu ya namna ubongo na neva kubwa ya uso zinavyopokea na kukuza ishara za maumivu. Hutambuliwa kwa kumsikiliza mgonjwa. Picha safi maana yake huna uvimbe na huna damu iliyovuja, na hiyo ni habari njema. Haina maana kwamba "huna kitu". Aliyekutamkia maneno hayo alikosea, na kile kilio cha njiani nakijua, nami nilikilia.

Na sasa nakuomba utulie usome polepole, kwa sababu hapa ndipo penye ufunguo wa barua yako yote, na ndipo palipo pagumu kusikia. Vidonge vile vinne vya kila siku sasa ni sehemu ya ugonjwa.

Si kosa lako. Ulikuwa na maumivu, ukameza dawa ya maumivu, na mtu yeyote angefanya hivyo. Lakini ubongo wenye kipandauso una tabia hii: ukilishwa dawa ya kutuliza mara nyingi mno, unazidi kuwa mwepesi wa kuhisi maumivu, na dawa inapoisha mwilini unadai nyingine kwa lugha pekee unayoijua, yaani kuuma. Yale maumivu ya asubuhi unayoyawahi kabla hayajaanza, mengi yake ni dawa ya jana jioni inayoondoka. Kipimo kinachotumika duniani ni hiki. Vidonge vya kawaida kama parasetamoli au ibuprofeni pekee, siku 15 kwa mwezi kwa zaidi ya miezi mitatu vinatosha kuleta hali hiyo. Vile vilivyochanganywa, kama vyako vyenye kafeini, au vyenye kodeini, na hata dawa maalumu za kipandauso, siku 10 tu. Angalia kwamba zinazohesabiwa ni siku, si vidonge. Kidonge kimoja kila siku ni kibaya kuliko vinne vya siku mbili za wiki.

Mimi nina kipandauso tangu nikiwa na miaka 19. Kwa miaka miwili niliishi kama wewe, pakiti mkobani, pakiti chini ya mto, pakiti ya akiba jikoni. Nilikuwa naogopa kuishiwa dawa kuliko nilivyoogopa maumivu. Daktari mmoja mzee alipoahidi kunisaidia kwa sharti kwamba niache vidonge, nilimwona katili. Nikaacha. Siku ya pili na ya tatu zilikuwa mbaya kuliko siku yoyote niliyowahi kuijua, sikulala, nilitapika, nilimchukia. Siku ya nane niliamka asubuhi nikabaki nimelala nikisikiliza. Kulikuwa kimya kichwani. Sikumbuki kama niliwahi kusikia ukimya ule tangu niwe mtu mzima.

Nakusimulia ili ujue mambo mawili. Mosi, kuacha kunauma. Kwa wengi maumivu huzidi kwa siku 2 hadi 10 kisha huanza kulegea, na nafuu kamili inaweza kuchukua mpaka miezi miwili. Pili, usilifanye peke yako. Vidonge kama vyako daktari anaweza kukuambia uviache kwa mkupuo, lakini kama vina kodeini au dawa ya usingizi, kuacha ghafla ni hatari na lazima mpunguze kwa hatua. Daktari anaweza pia kukupa dawa nyingine ya kukuvusha siku zile mbaya. Chagua wiki ambayo hukuahidi nguo ya mtu. Waambie wateja tarehe mapema. Watoto walale kwa ndugu siku chache kama inawezekana.

Kuacha peke yake mara nyingi hakutoshi, na hapa ndipo wengi wetu tunapoachwa njiani. Siku ileile unapoacha, au karibu yake, inafaa uanzishiwe dawa ya kuzuia. Hii ni tofauti na ya kutuliza. Unaimeza kila siku, uumwe usiumwe, ili mashambulizi yapungue. Hakuna iliyotengenezwa zamani kwa ajili ya kipandauso pekee. Zilianza kama dawa za presha, za kifafa, za sonona, zikagundulika kuwa zinasaidia. Kwa kuwa propranololi haikufai, daktari huenda akataja amitriptilini, ambayo huanzwa kwa dozi ndogo usiku, mara nyingi miligramu 10. Inaleta usingizi na kukausha mdomo, na kwa mtu aliyekosa usingizi kama wewe hilo la kwanza si baya. Akitaja topirameti au valproeti, mwambie kwanza kama una mpango wa kuzaa tena, maana zote mbili zinaweza kumdhuru mtoto tumboni, na topirameti inaweza pia kupunguza nguvu ya vidonge vya mpango.

Nakusihi usiihukumu dawa hizi kwa wiki mbili. Dozi hupandishwa taratibu, na ikishafika panapotakiwa huhitaji wiki 8 hivi kabla hujasema inafaa au haifai. Na kipimo cha mafanikio hakitakuwa sifuri. Wataalamu wakiona siku za maumivu zimepungua nusu, wanahesabu dawa imefanya kazi. Kutoka 22 hadi 11, mwanangu. Ukiziona kwenye karatasi zinaonekana bado ni nyingi. Ukiziishi, ni siku 11 za kushona, za kupika, za kumsuka binti yako.

Ikishindikana ya kwanza, iko ya pili, na ikishindikana ya pili, omba kupelekwa kwa daktari wa neva. Kwa kipandauso sugu hasa, kuna sindano za Botox ambazo Marekani iliziidhinisha mwaka 2010. Huchomwa sehemu 31 za kichwa na shingo kila baada ya wiki 12. Tangu mwaka 2018 zimekuja pia sindano zinazozuia CGRP, protini ndogo ambayo neva huimwaga wakati wa shambulio. Hizo ndizo za kwanza za kuzuia zilizobuniwa kwa ajili ya ugonjwa wetu wenyewe. Ni ghali, na hazipatikani kila mahali. Nimezitaja kwa sababu nimewaona watu wakikata tamaa baada ya kidonge kimoja kushindwa, wakiamini mlango umefungwa.

Shambulio lenyewe likija, litibiwe mapema na kwa dozi kamili, lakini si zaidi ya siku mbili kwa wiki. Muulize daktari kuhusu triptani, kama sumatriptani, ambazo ni dawa maalumu za kipandauso. Hazimfai mwenye ugonjwa wa moyo, aliyewahi kupata kiharusi au mwenye presha isiyodhibitiwa, kwa hiyo presha yako ipimwe kwanza. Na kuhusu kutapika vidonge: wakati wa kipandauso tumbo hupunguza mwendo, kidonge kinakaa pale bila kunyonywa. Omba dawa ya kuzuia kichefuchefu, kwa sababu kwa wengi ndiyo inayoifanya ile ya maumivu ifike. Triptani nyingine zipo za kupuliza puani au za sindano.

Chokoleti yako unaweza kurudishiwa. Saa nyingi kabla ya maumivu, ubongo ulioanza shambulio hukufanya upige miayo, shingo ikaze, na utamani vitu vitamu. Unakula chokoleti, kichwa kinauma, chokoleti inalaumiwa kwa jambo lililokwisha kuanza. Afadhali ulinde usingizi wa saa zilezile kila siku, hata siku za mapumziko, na usiruke mlo ukiwa umezama kwenye cherehani.

Endelea na ile hesabu, ila sasa iwe ya kila siku. Daftari dogo, mistari mifupi: kichwa kiliuma au hapana, kwa nguvu gani, ulimeza nini, hedhi iko wapi, vimulimuli vilikuja au la. Dakika moja kabla ya kulala. Kwa daktari mwenye foleni nje ya mlango, ukurasa huo utasema zaidi ya machozi.

Mume wako mwonyeshe daftari hilohilo. Alichokuuliza ni swali la mtu asiyejua kwamba ugonjwa unaweza kuondoka jana na kurudi leo, na wewe ulikosa jibu kwa sababu nawe hukuwa umeambiwa jina lake. Sasa unalo. Mwambie siku uliyocheka ilikuwa siku yako ya uzima, na kwamba hutaki kuanza kuficha kicheko ili uaminike siku ya kuumwa. Umpeleke naye hospitali, akae akisikia kwa masikio yake.

Binti yako ndiye aliyenikalisha kimya. Mtoto anayefunga mapazia kisha akakaa mlangoni anafanya lindo. Nadhani anaogopa utakufa. Mwite siku ambayo kichwa kimetulia, umpe jina: mama ana kipandauso, kinauma sana, hakimwui mama, na kila mara huisha. Mpe kazi moja ndogo kama kuleta kitambaa cha maji baridi, kisha umwambie akishakileta aende kucheza. Umwambie kabisa kwamba kwenda kucheza ni sehemu ya kumsaidia mama.

Lipo neno moja la tahadhari. Likitokea lolote kati ya haya, usisubiri miadi, nenda hospitali saa hiyohiyo: kichwa kinachopiga ghafla kwa nguvu ambayo hujawahi kuijua, kikafika kileleni ndani ya dakika moja, kichwa pamoja na homa na shingo kukakamaa, mkono au mguu kulegea, mdomo kwenda upande, maneno kukataa kutoka, vimulimuli vilivyozidi saa moja bila kuondoka, au kichwa baada ya kuanguka na kujigonga. Ukipata mimba na kichwa kikawa kipya au kikali, hilo nalo ni la kuonwa upesi.

Uliuliza kama utapona. Dawa ya kukifuta kipandauso haipo, na atakayekuuzia anakudanganya. Lakini sugu si neno la milele. Wengi hurudi kwenye siku chache zaidi kwa mwezi, hasa wale ambao vidonge vilikuwa sehemu ya tatizo, na wewe ni mmoja wao. Kwa wanawake wengi hupungua zaidi baada ya hedhi kukoma. Mimi mwezi uliopita nilikuwa na siku 4. Siku moja kati ya hizo ililala nami gizani kama zamani, na zile nyingine nilifanya kazi.

Niandikie baada ya wiki 12. Usijisumbue na salamu ndefu. Niletee namba tatu tu kutoka kwenye daftari: siku za maumivu, siku za gizani, siku za vidonge. Na uniambie binti yako alikwenda kucheza.

Shangazi yako